Mchoro Ujuao Kukataa

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, tokea Msimbazi hadi Kongo na Mkunguni, huona mji unaojengwa upya juu ya viwanja vile vile vya zamani. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zimekuwa zikiyapisha majengo ya ghorofa yenye maduka chini na stoo juu. Kila jengo la aina hiyo huanza kwa ramani, na aghalabu ramani hubadilishwa mara nyingi kabla ya zege kumwagwa. Mwenye mali huomba duka moja ligawanywe kuwa mawili, dirisha lipanuliwe, ghorofa ya chini iongezwe kimo. Badiliko moja hugusa mengine kumi: dirisha likipanuliwa, grili yake haina budi kupanuka, kimo cha ghorofa kikiongezwa, ngazi nayo haina budi kuhesabiwa upya.

Siku hizi ramani hizo huchorwa kwa kompyuta. Hata hivyo, kwa maoni yangu, wengi wetu twaitumia kompyuta kama penseli ya bei kubwa. Twanakili mchoro wa kazi iliyopita, twauvuta huku na huku mpaka uenee mahali papya, kisha twautoa kwenye karatasi na kuugonga mhuri. Makala haya yakusudia kueleza njia iliyo bora zaidi, nayo ni ya kutengeneza vijenzi vya mchoro vinavyorekebishika na kutumika tena na tena. Kadhalika yakusudia kutetea hoja moja: kwamba kijenzi bora ni kile kilichobeba ndani yake kanuni ya kitu chenyewe pamoja na mipaka yake, hata kikifikishwa mpakani kikakataa. Kanuni hizo yapasa zipimwe hapa hapa kwetu, na kazi ya kuzipima yaweza kuanzia katika shule za sekondari.

KIJENZI NI NINI?

Kijenzi ni sehemu ya mchoro iliyochorwa mara moja, ikahifadhiwa kwa jina lake, na kuitwa kila inapohitajika: mlango, dirisha, ngazi, sinki, bolti. Kijenzi cha kawaida ni kama mhuri. Kila kikigongwa hutoa alama ile ile, kwa ukubwa ule ule. Kijenzi kinachorekebishika kina mambo matatu zaidi. Kwanza, kina vigezo, yaani vipimo ambavyo mtumiaji ameruhusiwa kuvibadili. Pili, kina mambo yasiyobadilika. Tatu, kina masharti, yaani uhusiano baina ya vipimo hivyo na mipaka ambayo havitakiwi kuivuka.

Mfano ulio karibu na kila msomaji ni kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Msanii aibuniye hubadili maua ya mji apendavyo, na hubadili maneno ya jina kila toleo. Lakini pindo huzunguka pande zote nne, na jina hukaa mahali pake. Akiuvunja mpango huo atakuwa amebuni kitambaa tu. Hivyo basi, kujua kanga ni kujua mambo mawili kwa pamoja: yapi hubadilika, na yapi hubaki.

Sasa na tuchukue mfano wenye hesabu, nao ni grili ya dirisha, kitu ambacho mafundi wa vyuma wa Gerezani hukitengeneza kila siku. Tuseme upana wa ndani wa dirisha ni milimita 1,200, nondo za kusimama ni za milimita 12, na mwenye nyumba ametaka nafasi kati ya nondo na nondo isizidi milimita 120 ili mwizi asipenye. Nondo 9 zatosha. Zenyewe huchukua milimita 108, na milimita 1,092 zinazobaki zikigawanywa katika nafasi 10 hutoa milimita 109.2 kwa kila nafasi.

Mwenye nyumba abadili shauri: dirisha liwe la milimita 1,500. Mchoraji mwenye haraka huikamata grili ile na kuivuta mara 1.25. Kwenye kioo cha kompyuta yaonekana nzuri mno. Lakini tazama yaliyotokea. Nafasi zimekuwa milimita 136.5, nazo zimezidi kiwango alichokitaka mwenye nyumba. Tena nondo zimenenepa kuwa za milimita 15, ilhali dukani fundi atakuta za milimita 12 na za 16. Mchoro umekuwa mkubwa, lakini umeacha kuwa mchoro wa grili iwezayo kutengenezwa.

Kijenzi chenye kanuni hutenda vingine. Upana wa dirisha tuuite U, unene wa nondo K, na nafasi kubwa inayoruhusiwa N. Kijenzi hugawanya (U − N) kwa (N + K), na jibu likiwa na desimali hulipandisha hadi namba nzima inayofuata. Jibu hilo ndilo idadi ya nondo. Kwa dirisha letu, 1,380 ikigawanywa kwa 132 ni 10.45; basi nondo ni 11. Unene wao hubaki milimita 12, na kila nafasi huwa milimita 114. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuithibitisha kanuni hiyo mwenyewe, akikumbuka tu kwamba nafasi huzidi nondo kwa moja. Mchoraji abadilipo namba moja, yaani upana, nondo, nafasi na hata jumla ya urefu wa chuma kitakachonunuliwa hubadilika pamoja bila mtu kugusa mstari.

FIKRA HII ILIKOTOKA

Yafaa ifahamike kwamba fikra hii haikuzuka jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad. Kwa kalamu ya nuru alichora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta iliyoitwa TX-2. Aliweza kuiamuru mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu sawa, na kompyuta ikatii. Aliweza pia kuchora umbo moja la asili na kulizalisha mara nyingi. Alipolibadili lile la asili, nakala zake zote zilibadilika. Vigezo, masharti na kijenzi cha kutumika tena vilikuwamo humo tayari.

Programu ya AutoCAD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 ilivifikisha vijenzi vya kawaida katika kompyuta ndogo za ofisini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Pro/ENGINEER iliiweka michoro ya mashine juu ya msingi wa vigezo, na toleo la AutoCAD 2006 likawapa wachoraji wa kawaida vijenzi vinavyorekebishika. Leo hii FreeCAD na OpenSCAD hufanya kazi hiyo bila malipo yoyote. Kwa hiyo udhuru wa kwamba zana hazipatikani umepungua nguvu. Kilichobaki ni swali la maarifa: ni kanuni zipi tutaziandika ndani ya zana hizo?

WAZEE WETU NA URITHI WA BORITI

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni. Hao nawaomba wazitazame nyumba za mawe za pwani yetu, za Unguja, Lamu na Kilwa. Vyumba vya nyumba hizo aghalabu ni virefu na vyembamba. Urefu wake hutofautiana sana, lakini upana haupiti sana mita 3. Sababu yake ni boriti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mti wa mkoko una kiasi chake cha kubeba mawe na chokaa juu yake kabla haujapinda. Mwashi aliweza kukirefusha chumba kwa kuongeza boriti moja baada ya nyingine, kwa maana kila boriti hubeba sehemu yake. Hakuweza kukipanua, kwa maana hapo kila boriti ingezidiwa.

Huo ndio mfano kamili wa kijenzi kinachorekebishika. Urefu ni kigezo kilicho huru. Upana ni kigezo chenye mpaka. Na mpaka wenyewe watoka katika tabia ya mti. Hakuna mwashi aliyeiandika kanuni hiyo katika kitabu cha milinganyo, lakini mji mzima uliifuata, na umbo la nyumba zetu likatokana nayo. Hali kadhalika, paa la Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilifanywa kwa miavuli mikubwa ya zege inayorudiwa: umbo moja lilifikiriwa vema, kisha likazaliana.

Hata fundi wa Gerezani asiyewahi kugusa kompyuta hubeba vijenzi kichwani mwake. Mwambie upana wa dirisha, naye atakuambia nondo ngapi na vipande vingapi vya chuma vinunuliwe. Wapo wanaodhani kwamba ujuzi huo si sayansi kwa sababu haukuandikwa. Mimi naona kwamba kilichokosekana ni mwandishi tu. Mtu ajuaye kuchora kwa vigezo ndiye awezaye kuwa mwandishi huyo, nayo ni kazi ya heshima.

UMUHIMU WA KUKATAA

Nafika sasa kwenye kiini cha maoni yangu. Wauzaji wa programu hupenda kusifu wepesi: vuta, geuza, pindua, kila kitu chakubali. Wepesi ni jambo jema, lakini katika ujenzi mna mambo yasiyopasa kukubalika hata kama kioo cha kompyuta chayakubali.

Chukua ngazi. Tuseme kimo kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3,000, na tumeamua kwamba mwinuko wa kila kipandio usizidi milimita 175, na mahali pa kukanyagia pasipungue milimita 250. Kugawanya 3,000 kwa 175 kwatupa 17.14, basi vipandio ni 18, kila kimoja na mwinuko wa milimita 166.7. Kwa kuwa kipandio cha mwisho ni sakafu yenyewe ya juu, mahali pa kukanyagia ni 17, na ngazi iliyonyooka yahitaji urefu wa milimita 4,250. Sasa mwenye mali, kwa kutaka kuongeza duka, aacha milimita 3,000 tu. Kijenzi kisicho na masharti kitajibana kimya kimya, na kila mahali pa kukanyagia pawe milimita 176, ambapo unyayo wa mtu mzima hauenei. Mchoro utapendeza. Lakini siku ya moto, au siku mtu ashukapo na robota la vitenge kichwani, ngazi hiyo itadai haki yake. Kijenzi chenye masharti kingesimama na kusema: nafasi haitoshi, igeuze ngazi iwe ya mikono miwili au rudisha nafasi uliyoichukua.

Si kwamba nalikuza jambo dogo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba vijenzi vya kompyuta vingeyazuia maafa hayo. Majengo huanguka kwa sababu za udongo, vifaa, usimamizi na tamaa, na kazi ya kuzichunguza ni ya wenye dhamana. Nasema tu kwamba katika mji wa namna hii, ambapo kila mita ya mraba yatafutwa kwa fedha, kila chombo cha kazi chapaswa kufundishwa kusema hapana. Mwenye mali humsihi mchoraji, mchoraji naye huona haya kumkatalia. Kanuni iliyoandikwa ndani ya kijenzi haioni haya.

Hata hivyo, lazima niseme upande wa pili. Kosa moja katika mchoro wa mkono huharibu dirisha moja; kosa lililo ndani ya kijenzi huzaliana katika kila dirisha la kila jengo litakalokitumia. Yaani lile aliloligundua Sutherland, kwamba asili ikibadilika nakala zote hubadilika, ni neema na ni hatari kwa pamoja. Kwa sababu hiyo kijenzi kisitumike mpaka kimejaribiwa kwa vipimo vidogo kabisa, vikubwa kabisa na vya kati. Nacho kiandikwe jina la aliyekitengeneza, tarehe, na chanzo cha kila kanuni iliyomo. Tena kijenzi hakimwondolei mhandisi wajibu wake. Hakijui udongo wa kiwanja, wala hakijui kama fundi amepunguza saruji.

VIPIMO VYA NANI?

Programu nyingi huja na maktaba ya vijenzi vilivyo tayari. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilizoea kuvitumia, na kule vilifaa, kwa sababu vilipimwa kule. Tofali la Kiingereza lina urefu wa milimita 215, upana wa 102.5 na kimo cha 65. Tofali letu la saruji, lile liitwalo la inchi 6, lina urefu wa karibu milimita 450, kimo cha 230 na unene wa 150. Ukuta uliopangwa kwa tofali la kwanza ukajengwa kwa la pili humlazimisha mwashi kukata tofali kila mstari, na vipande vinavyotupwa ni fedha ya mwenye nyumba. Ndivyo ilivyo kwa madirisha ambayo kule hufungwa ili kuzuia baridi, ilhali huku Dar es Salaam twayataka yapitishe upepo wa baharini.

Kukopa programu hakuna aibu. Kukopa vipimo bila kuviuliza vimetoka wapi ndiko kuliko na hasara. Kwa hiyo napendekeza tuwe na maktaba yetu ya taifa ya vijenzi: matofali yetu, mabati yetu, nondo ziuzwazo kwetu, grili, ngazi, meza za sokoni, vibanda, madawati ya shule. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lina viwango. Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam zina wataalamu wa kuviandika katika vijenzi na kuvijaribu. Maktaba hiyo itolewe bure, kwa Kiswahili, na kila kijenzi kieleze kwa maneno mepesi kwa nini kinakataa kinapokataa. Mchoraji aliyejibiwa "haiwezekani" hukasirika, lakini aliyeelezwa sababu hujifunza.

KAZI YA SHULE

Walimu watauliza: sisi tusio na kompyuta za kutosha tufanye nini? Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji kompyuta. Yahitaji futi ya kupimia, daftari na karatasi ya miraba. Wanafunzi wapime madirisha 10 ya shule yao na ya majirani: upana, unene wa nondo, idadi, nafasi. Wapange vipimo katika jedwali. Wajiulize ni kipi hubadilika toka dirisha hadi dirisha, na ni kipi hubaki. Kisha watunge kanuni, na waijaribu kwa dirisha la 11 ambalo hawakulipima mwanzoni. Ikishindwa, wairekebishe. Mwisho waandike mipaka: ni upana gani ambao kanuni yao haifai tena, na kwa nini?

Zoezi hilo laweza kufanywa kwa dawati, kwa ngazi, kwa kenchi za paa la darasa au kwa meza ya muuza nyanya. Ndani yake mna aljebra, jiometri, fizikia ya nguvu na uchoraji wa kiufundi, masomo ambayo mara nyingi huyafundisha kila moja kivyake kana kwamba hayajuani. Shule yenye kompyuta hata moja yaweza kuhamisha kanuni hiyo katika OpenSCAD, ambamo umbo huandikwa kwa maneno na namba, na wanafunzi wakaona grili yao ikijipanga upya mbele ya macho yao. Lakini wale wasio nayo wasijione wamebaki nyuma. Aliyeipata kanuni ndiye aliyefanya kazi ngumu. Kuitia katika kompyuta ni kazi ya alasiri moja.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi aliyezoea tangu Kidato cha Pili kuuliza ni kipi hubadilika, ni kipi hubaki, na mpaka uko wapi, hatageuka kuwa mchoraji wa kuvuta picha atakapoajiriwa. Siku mwenye mali atakapomtaka aiminye ngazi ili duka moja liongezeke, atakuwa na jibu lenye hesabu, na ataweza kumwonyesha namba zenyewe. Walimu wa hisabati na wa uchoraji na wakae pamoja muhula huu, wachague kitu kimoja katika shule yao, waanze kukipima.